Neno Asilolisoma Mavyaa

Watu wa Kakuyuni wa zamani zangu ninao wote kichwani. Nikitaka naweza kuwapitia nyumba kwa nyumba: Mwaringa baba yangu, Dama mama yangu, Katana kaka yangu aliyekuwa na jino limepanda juu ya jingine, Tsuma mgema, na Mbeyu mke wa Tsuma, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kotama ya mumewe. Hata mbwa wa Tsuma namkumbuka, akiitwa Mwenyewe. Lakini mwanamke ninayemwandika hapa sitamtaja. Si kwamba nimesahau. Alikuwa jirani yetu, halafu akawa mama wa mume wangu, na kwetu Wagiriama mkaza mwana hamtaji mkwewe kwa jina, wa kike wala wa kiume, awe hai au awe amekufa. Basi nitamwita Mavyaa tokea mwanzo, hata pale nilipokuwa bado kitoto cha kufukuza ndege na sijui kama nitaolewa na mtu.

Nilimjua kwa masikio kabla ya kumjua kwa macho. Shamba lao la mtama lilipakana na letu, na mtama ukishakomaa watoto hupandishwa kwenye dungu, kile kichanja cha miti, wapige kelele kutwa ndege wasishuke. Mimi na Katana tuliwafukuza ndege wetu kwa matusi. Tuliwatukana mama zao na mayai yao. Upande wa pili walikuwako watoto wawili, Baya na dada yake mdogo Kadzo, nao hawakutukana. Walipiga kelele, "Ba! Be! Bi! Bo! Bu!" Kisha kimya kidogo. Kisha, "Da! De! Di! Do! Du!"

Nikamuuliza Katana, "Wanasema lugha gani wale?"

"Ya ndege," akasema Katana. "Mama yao ni Mkristo. Wakristo wanasema na kila kitu."

Nikaamini. Nilikaa siku nyingi nikitega sikio nione kama ndege watajibu.

Siku moja nikavuka mpaka. Nikamkuta mwanamke amekaa chini ya dungu, amepakata uteo, ule ungo wetu wa kupetea nafaka, na ndani yake hamna nafaka ila majivu, ameyatandaza kama unga. Anaandika kwa kidole. Akiandika neno anauinua uteo watoto walione kule juu, na huku anasema, "Soma kabla sijapeta! Soma kabla sijapeta!" Wasiposema upesi, mkono unacheza mara moja tu, majivu yanajisawazisha, na neno halipo tena duniani. Sijaona kitu kilichonishangaza kuliko kile. Nilifikiri neno linakwenda mahali. Nilitaka kujua linakwenda wapi.

Aliniona. Hakunifukuza wala hakunikaribisha. Alisema tu, "Ukikaa, kaa upande usio na upepo. Majivu yanaingia machoni."

Basi nikakaa upande usio na upepo misimu mitatu ya mtama.

Mbeyu alikuwa akipita na kuni kichwani na hakosi neno. "Jamani, watoto wa majivu! Nyuso nyeupe kama wamefukuliwa! Wewe mama, nisomeshee na mbuzi wangu, labda atazaa mapacha."

"Mbuzi wako akisoma atakuhama, Mbeyu," Mavyaa akajibu bila kuinua kichwa.

Mavyaa mwenyewe alisomea wapi? Kila mtu alikuwa na lake. Mama yangu alisema alisomeshwa na padre. Tsuma alisema aliota ndoto akaamka anasoma. Nilipokuwa mkubwa na nimekwisha kuolewa pale nilimuuliza mwenyewe. Akasema, "Nilikuwa nafua." Nikangoja. Hakuongeza. Ilinichukua mwaka mzima wa kuokota okota maneno yake ndipo nikaelewa: alipokuwa msichana alifua nguo za mke wa padre kule misheni, ng'ambo ya mto Sabaki, na zile nguo zilikuwa na herufi zilizotariziwa pembeni, kila mtu na zake, zisichanganyike. Alijifunza kwanza herufi za shati, kisha za kitambaa cha meza, kisha akataka kujua herufi nyingine ambazo hazina nguo. Darasani alikaa kidogo tu, akaolewa.

Mumewe, yaani bavyaa wangu, ambaye naye simtaji, alikuwa Mkristo wa upole sana. Alifanya kazi Malindi mjini kwa Mhindi mmoja mwenye duka aliyeitwa Premji, akipakia na kupakua magunia, akija nyumbani mwisho wa juma. Alileta karatasi za kufungia bidhaa, zimeandikwa maandishi ya Kihindi. Kadzo akizigeuza juu chini akiuliza, "Mama, haya yanasema nini?" Mavyaa akazitazama kwa makini, kama mtu anayeweza kuzisoma akitaka. "Haya ni mambo ya Premji na Mungu wake. Sisi tuandike nyuma."

Sasa jambo la watu kushangaa ni hili. Wakristo wengine wachache wa upande ule, mtoto akifika umri wa kubeba mtungi mdogo, walimpeleka misheni akakae huko, alale huko, asome, arudi wakati wa mavuno. Mavyaa hakupeleka. Na ukimuuliza sababu, kila mtu alipewa yake. Mwalimu Samweli, aliyetumwa na misheni kutuhubiria, mtu mrefu wa huko kusini, alipouliza aliambiwa, "Mto ukijaa, mwalimu, mtoto atavuka kwa mbawa?" Mbeyu aliambiwa, "Nani atafukuza ndege?" Mama yangu aliambiwa, "Mtoto nimemtoa tumboni mara moja. Mara ya pili asinitolee mtu mwingine." Mumewe aliambiwa, "Wakienda hao, kitabu nitazungumza na nani?" Mimi mtoto nilikusanya majibu hayo kama mtu anavyookota korosho, na nilitaka kujua lipi ndilo.

Alikuwa na namna yake ya kulea. Hakupiga. Mtoto aliyekosa alipelekwa akae kwa babu yake, mzee Baya, baba wa mumewe, asikilize hadithi moja mpaka mwisho bila kuuliza kitu. Mzee Baya alikuwa na hadithi ya ng'ombe aliyepotea ambayo ilikwenda kutoka asubuhi mpaka vivuli vinahama. Kadzo alikuwa akilia, "Mama nipige, nipige tu!" Sala zake zilikuwa fupi. Alisema, "Mungu ana watu wengi, tusimkalie." Akasali kwa Kiswahili Jumapili na kwa Kigiriama siku nyingine, na nilipomuuliza kwa nini, alisema Mungu anajua Kigiriama sana ila Jumapili huwa na wageni.

Na huyo mzee Baya hakuwa Mkristo hata kidogo. Alivaa nguo zake za kizee, akanywa tembo lake la mnazi, na kila watoto wakisomeshwa alikaa karibu amewapa mgongo, anasuka kamba, anajifanya hasikii. Mavyaa, ambaye hakuonja tembo maisha yake, ndiye aliyemtilia kwenye kata kila jioni, kwa kupiga magoti, na akilinusa kwanza kama limekaa sana analirudisha kwa Tsuma. Siku moja Mwalimu Samweli akamkuta.

"Mama! Mkristo anatia tembo?"

"Namtilia mkwe, mwalimu. Sijitilii mimi."

"Na mkono ni wa nani?"

"Mkono ni wa mkaza mwana. Kinywa ndicho cha Mkristo."

Mzee Baya akacheka mpaka tembo likamwagika.

Sasa nifike kwenye lile neno. Msomaji asiye wa kwetu labda ameliona tayari. Mzee aliitwa Baya, maana alizaliwa mwaka mbaya, wa njaa, na kwetu mtoto hupewa jina la siku zake. Mjukuu wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu, basi naye akaitwa Baya. Mavyaa hakuweza kumtaja mkwewe, kwa hiyo hakuweza kumtaja mwanawe. Alimwita Baba. "Baba, shuka dunguni. Baba, pangusa kamasi." Hilo ni la kawaida, wanawake wengi walikuwa hivyo. Lakini wanawake wengi hawakuwa na kitabu. Na kitabu cha kusomea cha misheni kilijaa hilo neno: mtoto mbaya, maji mabaya, jambo baya. Kila ukurasa mkwe wake amekaa.

Alifanyaje? Mimi ndiye niliyegundua, maana wale watoto walikuwa ndani ya jambo na mimi nilikuwa nje. Niliona kwamba akifundisha "ba" Jumatatu, "ya" haiji mpaka Alhamisi. Hazikuwahi kukaa kwenye uteo mmoja. Siku moja nikiwa peke yangu mpakani nikaziandika mchangani pamoja, hii na hii, nikasoma kwa sauti, nikashtuka. Nikakimbia kumwita. "Njoo uone! Nimemwandika Baya!"

Alikuja. Akatazama sana. Nilidhani atafuta kwa mguu. Akachukua kikapu akakifunika juu yake taratibu, kama mtu anayefunika kifaranga. "Umeandika vizuri," akasema. "Acha kikapu hapo mpaka upepo uje."

Nyumbani mama yangu akanicheka. "Wewe Sidi nawe! Yule ni mkwewe. Ungetaka alisome, kisha amtilie tembo kwa macho gani?"

Na kwenye kitabu? Kwenye kitabu alikuwa amewafundisha watoto kwamba herufi zile zikikaa hivyo husomwa "si jema." Mtoto si mwema. Maji si mema. Hakuwaambia sababu. Mtoto hujua kile alichoambiwa, na wao walijua kwamba b-a-y-a ni "si jema," kama wanavyojua kwamba moto unaunguza. Nilimwandikia Baya jina lake mchangani nikamuuliza, "Hili nini?"

"Si jema," akasema.

"Mjinga wewe. Ni wewe huyo."

Akanitupia gunzi la mahindi. Aliona namtania.

Basi mimi, mtoto wa nyumba isiyo na kitabu, nililijua jina lake kabla hajalijua yeye.

Ikawa mwaka mmoja, kabla ya vita vya Wajerumani, padre akatangaza kupitia Mwalimu Samweli kwamba anakuja mwenyewe kuwasikiliza watoto wa Wakristo wanaosomeshwa nyumbani. Anayeweza kusoma ataachwa kwa mama yake na atabatizwa. Asiyeweza, mwenye umri wa kutosha, atakwenda naye misheni akakae mpaka ajue. Kadzo alikuwa bado mdogo. Aliyekuwa na umri ni Baya.

Kwa wiki mbili Mavyaa hakulala vizuri, niliona macho yake. Alimsomesha Baya asubuhi na jioni. Ukurasa hata mmoja haukumshinda. Mbeyu mwenyewe aliacha mzaha, akaleta yai. "Mpe ale, apate akili," akasema. "Wakimchukua huyu, nitamtania nani?"

Padre akaja asubuhi juu ya punda, na kiti chake cha kukunja. Watu wakajaa uani, Wakristo na wasio Wakristo, maana kwa siku ile hakukuwa na jambo jingine la kutazama. Mzee Baya alikaa mahali pake na kamba zake, na safari hii hakuwapa watu mgongo. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala, mama yangu amenishika kisigino nisijitokeze zaidi.

Baya akasoma. Alisoma vizuri mpaka nikaona fahari kana kwamba ni wangu. Kisha akafika kwenye neno. "Mtoto si mwema hasikii mama yake," akasoma, wala hakusita. Padre akainua kidole.

"Soma tena."

"Mtoto si mwema hasikii mama yake."

Padre akageuza ukurasa. "Na hapa?"

"Maji si mema hayanyweki."

Padre akamwambia Mwalimu Samweli, kwa masikitiko, si kwa ukali, "Huyu amekariri. Amefundishwa kama kasuku. Hatazami herufi."

"Anatazama!" Mavyaa akasema. Watu wote wakageuka, maana hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Bwana, andika neno lako mwenyewe. Andika ambalo mimi sijaliona."

Padre akafikiri, akatoa kalamu, akaandika kwenye karatasi. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, akamkabidhi Baya. Na Baya akasoma, "Leo njia si njema kwa sababu ya mvua."

Padre akaitazama karatasi yake. Alikuwa ameandika kwamba njia ni mbaya. Akamtazama mtoto, akamtazama mama. Nadhani hapo alianza kuwa kama mimi, alitaka kujua. Akaandika herufi nne tu, kubwa. "Na hili?"

"Si jema," akasema Baya.

Ua wote ukacheka. Tsuma akapiga kelele, "We mtoto, jina lako hilo! Hujui jina lako?" Baya akageuka akanitafuta mimi nyuma ya ghala, na usoni mwake niliona amekumbuka lile gunzi. Hakucheka.

Ndipo mambo yakaelezwa, watu wanne wakisema pamoja, na Mwalimu Samweli akimfafanulia padre. Wote wawili walikuwa wageni kwetu, na mila hii ndiyo kwanza wanaisikia. Padre akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia Mavyaa, "Mama, mtoto wako anasoma. Hilo nimeliona. Lakini leo umebadili neno moja kwa ajili ya mkwe wako. Kesho utabadili lipi? Nikimwacha kwako nataka kujua kwamba kilichoandikwa utakisoma kama kilivyoandikwa." Akamnyooshea ile karatasi. "Lisome wewe. Mara moja, hapa, mbele ya watu. Kisha mtoto ni wako."

Swali lile la padre nimelifikiria miaka mingi, na sijaliona kuwa la kipumbavu.

Mavyaa akaishika karatasi. Ndege wa mtama walisikika mpaka uani. Niliona kinywa chake kimefunguka. Nasema nilikiona, midomo imekutana kama mtu anayeanza "ba."

Ndipo mzee Baya akaweka kamba zake chini. "Mkaza mwana," akasema, "sema. Nimekuruhusu. Jina langu limezeeka, halivunjiki tena."

Watu wakaguna, maana hakuna aliyewahi kusikia mkwe akisema hivyo. Mama yangu aliniachia kisigino. Padre akatabasamu, akidhani jambo limekwisha.

Mavyaa akapiga magoti. Akairudisha karatasi kwa mikono miwili. "Siwezi, bwana."

"Lakini mwenyewe amekubali!"

"Nimesikia. Siwezi."

"Mama," Baya akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "si jina langu tu?"

"Ndiyo, Baba," akasema. "Ni lako. Nenda kachukue nguo zako."

Wakamchukua siku ile ile, akienda kwa miguu nyuma ya punda. Mavyaa alisindikiza mpaka kwenye mwisho wa shamba, akasimama. Mbeyu alilia kuliko yeye. Na mzee Baya, ambaye watu walidhani atajisifu kwa kuheshimiwa namna ile, hakusema na mtu siku tatu, na tembo alilirudisha.

Baya alikaa misheni miaka miwili. Yule padre alikwenda kwao mapumziko hakurudi, aliyemfuata hakuuliza habari za Kadzo, basi Kadzo alisomea nyumbani mpaka mwisho na akajua kusoma kuliko kaka yake. Baya alirudi fundi seremala, na alikuwa na tabia moja mpya: aliandika jina lake juu ya kila kitu alichokitengeneza. Kwenye kigoda, kwenye mchi, kwenye ubao wa mlango. Mavyaa akawa anakigeuza kila kitu, jina litazame ukutani. Ule mlango ulitiwa upande wa nje ndani, ili ukifunguliwa jina liegemee ukuta. Wapita njia walisema mama na mwana wamekosana. Hawakuwa wamekosana. Walikula sahani moja.

Mzee Baya alifariki kabla sijaolewa. Mimi nilipoolewa na Baya nilikuja na mdomo wangu wa dunguni, nikimwita mume wangu kwa jina toka jikoni mpaka shambani, maana mimi sikukatazwa jina lake. "Baya! Baya, kuni!" Mavyaa alikuwa akishtuka kila mara kama aliyemwagiwa maji. Mwezi wa pili akaniambia, "Mwanangu, huwezi kumwita ukiwa karibu zaidi? Sauti ikiwa ndogo mimi naweza kusema sijasikia." Ndivyo nilivyojifunza kumfuata mume wangu mpaka alipo, na watu wakasema Sidi anampenda sana mumewe. Sikuwasahihisha.

Mazungumzo ninayotaka kuyaweka hapa yalikuwa baada ya vita vya Wajerumani kwisha. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa akichambua kunde kwa vidole, mimi nimekaa naye, na binti yangu wa kwanza, mwenye miaka minne, anazichanganya tena zilizochambuliwa. Baya alikuwa ameniambia asubuhi kwamba mtoto akikua kidogo atapelekwa misheni. Nilikuwa nimebeba neno hilo tumboni kutwa.

"Mavyaa," nikasema, "nikuulize?"

"Tangu ukiwa mtoto wewe ni kuuliza tu. Uliza."

"Siku ile ya padre ulikuwa umeshafungua kinywa. Nilikuona. Ulikuwa unasema."

Vidole vikasimama kwenye kunde.

"Nilikuwa nasema," akasema. "Mzee angenyamaza, ningesema. Nilikuwa nimemwambia Mungu moyoni, hili nalifanya, dhambi yake kwa mkwe wangu nitaibeba mwenyewe. Ndipo yeye akasema, sema, nimekuruhusu."

"Sasa si ndiyo ilikuwa rahisi?"

"Rahisi!" Akacheka kidogo. "Sidi, mtu mzima akivua nguo yake mbele za wageni akupe wewe ujifunike, utaipokea? Umwache uchi, wageni wanatazama? Alikuwa hana kitu kingine mzee yule. Hakuwa na kitabu, hakuwa na misheni. Alikuwa na jina lake tu, na sisi wa kulitunza. Angenikatalia, ningelichukua kwa nguvu. Alinipa. Sikuweza."

"Ukampoteza mtoto miaka miwili."

"Nikampoteza. Alipoondoka alikuwa ananiegemea akisoma. Aliporudi alikuwa anakaa mbali kidogo, kama hivi." Akapima kwa kiganja, si mbali sana. "Hicho hakikurudi."

"Ulifanya sawa?"

"Sijui."

"Hukumwuliza Mungu?"

"Sijamwuliza," akasema. "Naogopa atanijibu."

Tukachambua kunde. Baadaye nikamwambia la Baya na misheni, na kwamba mimi nataka mtoto asomeshwe hapa, asomeshwe na yeye. Akasema macho yamekwisha, nimsomeshe mimi, silabi zote ninazo tangu upande wa pili wa shamba. Nikamtazama mtoto. Alijua kinachonizuia. Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake. Mtoto yule aliyekuwa akichezea kunde alikuwa na jina la Mavyaa, na tokea azaliwe mimi nilikuwa sijamtaja hata siku moja. Nilimwita Mama.

"Jina lake niachie mimi," akasema Mavyaa. "Ni langu. Naweza kulisema."

Nikazungumza na Baya siku mbili, akakubali shingo upande. Binti yangu nilimfundisha mwenyewe, ba mpaka ya, zote nilizozijua, na zile nisizozijua tulizitafuta pamoja. Ilipofika zamu ya jina lake nilimpeleka kwa bibi yake, nikamkalisha mkekani na uteo wa majivu, nikachukua mtungi nikaenda kisimani. Hakukuwa na foleni siku ile, lakini nilikaa.